Mstari Mweupe

Mzee alipinduliwa saa nne asubuhi, chai ikiwa bado ya moto. Nina uhakika, maana mimi ndiye niliyemmiminia, na alipotoka ofisini kikombe chake kilikuwa bado kinatoa mvuke. Miaka ishirini na sita ya kuongoza timu ya magari ya mashindano, timu aliyoianzisha na gari moja bovu na jeki ya kuazima, ilimalizwa kwa muda ambao mimi huutumia kutafuta spana namba kumi. Na spana namba kumi, mafundi wenzangu watanisaidia kusema, huwa haionekani.

"Wamenistaafisha," akasema. Akapuliza chai, akaonja. "Hii chai haina sukari."

"Umekatazwa sukari, Mzee."

"Hata timu nimekatazwa. Leo nitilie vijiko viwili."

Nikamtilia vitatu.

Waliomwondoa walikuwa wadhamini wetu, kampuni moja ya betri. Walisema wanataka sura mpya, kana kwamba magari yetu yalikuwa yakiendeshwa kwa uso. Sura waliyoichagua ilikuwa ya mume wa binti mkubwa wa Mzee. Huyu sote tulimwita Mkwe, hata sisi tusiokuwa na binti wa kumwoza. Kwa haki ya Mungu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na viatu vya kujitazamia, alisalimia kila mtu hadi mfagiaji, na aliamini kwa moyo mmoja kwamba kazi yoyote duniani inaweza kufanywa kwa nusu ya muda wake, mradi watu waning'iniziwe saa mbele ya macho. Alikuwa ameuza bima, akauza simu, akauza betri. Gari aliliita "bidhaa".

Ofisini kulikuwa na kiti cha ngozi, zawadi ya wadhamini hao hao. Mzee hakukikalia hata siku moja, alikuwa akikitundikia ovaroli. Siku hiyo ovaroli ilishushwa, ikakunjwa vizuri, ikawekwa juu ya meza yangu ya kazi. Juu yake wakaweka chupa yake ndogo ya rangi nyeupe.

Hapa sina budi kuwaeleza habari ya rangi. Bila hiyo hamtanielewa, na mkishanielewa hamtanipenda, lakini tutafanyaje.

Katika karakana yetu kila fundi alikuwa na kichupa chake cha rangi chenye brashi ndani ya kifuniko, kama zile chupa za rangi ya kucha. Ukishaikaza nati kwa spana ya kipimo, ile inayolia *tik* nati inapofika inapotakiwa, unachora mstari mwembamba unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma iliyokaliwa na nati hiyo. Nati ikijisogeza hata kidogo, mstari unakatika, na mtu anaona kwa macho tu kwamba kuna balaa linakuja. Rangi yangu ilikuwa njano. Basi jina likawa Njano, likanifuata hadi nyumbani. Mama watoto akinikasirikia huniita Njano, akiwa na furaha haniiti kabisa. Alikuwepo na Bluu, na Nyekundu, na Kijani, ambaye kwa kweli alitaka dhahabu akaambiwa aende akachimbe.

Mzee alikuwa nyeupe, na nyeupe haikukaza, nyeupe ilikagua. Sisi tukishamaliza, yeye alipita na spana yake ya kipimo nati moja baada ya nyingine, *tik*, *tik*, *tik*, na pembeni ya mstari wako akachora wake. Gari lisilo na nyeupe halikutoka getini.

Sheria zake zilikuwa mbili tu. Ya kwanza: ukilegeza, futa. Yaani ukifungua nati iliyokwisha kuchorwa, kabla hujagusa kitu kingine chochote, unachukua tambara lenye petroli unaufuta ule mstari wa zamani, usije ukakudanganya. Ya pili: aliyekaza hakagui.

"Hata wewe, Mzee, ukikaza mwenyewe?" nilimuuliza zamani.

"Hasa mimi," akasema, na kweli, kila alipokaza kitu kwa mkono wake alimwita binti yake mdogo aje kumkagua. Binti mwenyewe alikuwa bado anang'oka meno.

Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kusahau kufuta. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Panda." Akanizungusha uwanjani na gari lile lile nililolifunga, kwa mwendo ambao sijawahi kuuona tena, hadi nikavitapikia viatu vyangu. Aliposimama akaniuliza kwa upole, "Utafuta?" Toka siku hiyo nikawa nafuta hata vitu visivyohitaji kufutwa. Miaka kumi na tisa nilifuta.

Wiki ya kwanza Mkwe aliwaondoa Bluu na Kijani. "Mikono mingi, kazi chache," alisema. Tukabaki mimi kwenye miguu ya gari na Nyekundu kwenye injini. Wiki ya pili akaita wapiga picha, akakiinua kile kichupa cheupe kama mtu anayetoa kombe, akanikabidhi mbele ya watu.

"Fundi Mkuu mpya!"

Ningeweza kusema, bosi, nyeupe siichukui mpaka njano ipate mtu mwingine. Maneno yalikuwepo mdomoni, mafupi, hayahitaji shule. Lakini nitakuwa mwongo nikisema nilijisikia vibaya. Nilijisikia vizuri mno. Niliweka njano mfuko wa kushoto na nyeupe mfuko wa kulia nikatembea kama mtu mwenye bastola mbili.

Aliyenicheka ni mmoja tu, Kitinda. Huyu ndiye binti mdogo wa Mzee, kitinda mimba wake, yule wa kung'oka meno. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne na ndiye dereva wetu. Alijifunza kuendesha akiwa amekalia mto wa kochi ili aone mbele. Alikuwa na tabia ya kucheka kwenye kona mbaya, msoma ramani wake alituapia hivyo, alisema akisikia kicheko tu anafumba macho.

"Kaka," akaniambia, "njano na nyeupe kwa pamoja! Sasa tukuite nani? Yai?"

"Niheshimu, mimi ni Fundi Mkuu."

"Shikamoo, Yai."

"Marahaba. Nenda kaoshe helmeti yako, inanuka kama soksi."

"Sawa. Ila usije ukanivunjikia barabarani," akasema, akaenda zake akipiga mluzi. Kuhusu baba yake hakusema neno, kwangu wala kwa Mkwe. Alisema ataendesha mashindano yale kwa sababu gari lile baba yake ndiye aliyeliunga, na hataki kulikabidhi kwa mtu mwingine likiwa halijashinda.

Na kweli Mzee ndiye aliyeliunga. Hasa ile mikono ya chini, yale mapande mawili ya chuma yanayoshikilia magurudumu ya mbele kwenye mwili wa gari. Ya dukani hakuiamini. Aliikata mwenyewe, akaichomelea mwenyewe, ikawa mizito na isiyo na sura, lakini ilikuwa haijawahi kumwangusha mtu.

Mashindano yalifanyika siku ya ishirini na nane ya utawala wa Mkwe. Kati ya kipande cha tatu na cha nne gari liliingia kwenye hema letu la matengenezo, kando ya barabara ya vumbi. Kanuni zinakupa dakika ishirini. Mkwe alikuwa amewaahidi wadhamini dakika kumi na mbili, akatundika saa kubwa nyekundu nyuma ya vichwa vyetu, namba zikienda kinyumenyume.

"Linavuta kushoto," Kitinda akasema kutoka ndani, kinywa kimejaa maji ya kunywa. "Kidogo tu. Kama mume aliyeona baa."

Nikajitupa chini. Nikalegeza nati ya mkono wa mbele kushoto, nikaurudisha mkono mahali pake, nikairudisha nati kwa spana ya kawaida. Hapo bado haijakaa. Hapo imebaki ile kazi ya mwisho, spana ya kipimo hadi ilie. Mkono wangu ulikuwa umeshaigusa hiyo spana, naukumbuka ubaridi wake, nikasikia:

"Fundi Mkuu! Picha!"

"Dakika moja, bosi."

"Dakika ndiyo biashara yetu, Fundi! Njoo!"

Mama Betri alikuwa amefika. Huyo ni yule mkubwa wa upande wa wadhamini, mama mmoja mpole mwenye miwani na mpiga picha wake. Nikatoka chini ya gari. Nikasimama kati yake na Mkwe, nikatoa meno. Picha hiyo ipo. Nina grisi puani na nimefurahi kama mtu aliyekula cha harusi mbili.

Niliporudi zimebaki dakika mbili. Nikainama, nikatazama nati ile. Mstari wa njano umenyooka, kutoka kwenye nati hadi kwenye mkono, haujakatika hata unywele.

Ulikuwa mstari wa jana. Nililegeza bila kufuta. Na nati, niliporudisha kwa spana ya kawaida, ilikwenda ikasimama karibu pale pale iliposimama jana, nusu mbili za mstari zikakutana kama ndugu waliopotezana. Baada ya miaka kumi na tisa ya kufuta, siku hiyo sikufuta. Lakini pale chini sikuyawaza hayo. Niliona njano, njano ni mimi, na nani angemtilia shaka Njano? Nikatoa chupa ya mfuko wa kulia, nikachora nyeupe pembeni yake. Hata spana ya kipimo sikuigusa. Hakuna kilicholia *tik*.

"Yai, umemaliza?"

"Nimemaliza zamani. Ondoka, unatujazia moshi."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake akiwa na miguu miwili.

Tulimaliza kwa dakika kumi na moja na nusu. Mkwe alinipigia makofi.

Yaliyotokea tuliyapata kwa redio, nusu nusu. Kilomita ya tisa kuna mteremko, chini yake kona, na kwenye kona daraja dogo lenye ukuta wa mawe. Gurudumu la mbele kushoto likageuka peke yake kama mtu aliyeitwa na mwingine. Gari likaupiga ukuta, injini ikarudi nyuma hadi miguuni mwa dereva. Msoma ramani alitoka na mtulinga uliovunjika. Kitinda ilibidi akatiwe chuma kwa saa nzima ndipo atoke, na jioni hiyo hiyo madaktari wakaukata mguu wake wa kulia, chini ya goti.

Kwa wasioendesha niwaambie: kulia ndiko kwenye moto, pedali ya kuongezea mwendo.

Siku ya pili gari lililetwa karakanani juu ya lori. Tukalizunguka kama watu waliofika msibani. Ule mkono wa kushoto ulikuwa vipande viwili, umekatikia kwenye ulehemu.

"Mnaona?" Mkwe akasema. Uso wake ulikuwa umemshuka, alikuwa hajalala, na Kitinda ni shemeji yake, usisahau. "Mkono wa Mzee. Chuma za kuchomelea uani. Nilisema tununue za dukani, sikusema?"

Alisema, ndiyo. Nyekundu akaguna. Hakuna aliyebisha, maana macho yote yaliona chuma iliyokatika, na chuma iliyokatika haina maelezo mengi.

Walipokwenda kunywa chai nilibaki. Nikapiga magoti. Pale bolti ilipotakiwa kuwepo palikuwa na tundu tupu. Bolti yenyewe niliikuta imeangukia ndani ya bati lililojikunja. Nikaifuta kwa kidole. Hesi zake, ile mikunjo ya kuzungushia nati, zilikuwa nzima, kali, kama imetoka kwenye boksi asubuhi hiyo. Nati ikichomolewa kwa nguvu huondoka na hesi, inaacha bolti imenyolewa. Hii ilitoka yenyewe, polepole, ikizunguka kilomita tisa, tena kwa adabu. Mkono ulikatika baadaye, ukutani. Na kwenye kipande cha mkono kulikuwa na nusu mbili za mistari, njano na nyeupe, zote zimeinamia kushoto. Mistari ya Mzee huinamia kulia. Mimi natumia mashoto.

Nikaitia bolti mfukoni. Mfuko wa kulia, ule wa nyeupe. Nikaenda kunywa chai.

Hospitali ilikuwa na ukumbi mrefu wa kijani uliopauka na benchi moja la mbao mkabala na mlango wa Kitinda. Kila siku saa za kuona wagonjwa nilimkuta Mzee amekaa pale, mgongo umenyooka, kofia magotini. Alikuwa haingii. Anakuja ameoga vizuri, amenyoa ndevu, anakaa benchi, saa ikiisha anaondoka.

"Ingia, Mzee."

"Nitaingia nikamwambie nini? Ule mkono niliuunga mimi. Kwa mikono hii." Akaigeuza, akaitazama viganja kama anatafuta maandishi. "Nilimwona alivyojifunza kutembea, Njano. Alikuwa anashika tairi."

Nikamwambia pole. Fikiria, neno hilo ndilo nililokuwa nalo, na bolti ikinichoma paja.

Ndani, Kitinda alikuwa amelala kitanda kimeinuliwa, shuka imelala bapa pale mguu ulipokomea. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa. Alijaribu utani, si unamjua.

"Yai. Umeniletea nini?"

"Maembe."

"Kila mtu maembe. Huku nimekuwa soko." Kisha akatazama mlango. "Baba yuko nje?"

"Yupo."

"Namsikia akikohoa. Kila siku namsikia. Kaka, mbona haingii? Amenikasirikia kwa kuvunja gari?"

"Hapana, mdogo wangu."

"Basi ni nini? Anaona kinyaa?"

Nikamenya embe. Nilimenya embe lote, kwa uangalifu, kama vile kuna mtu ataniwekea alama. Siku kumi na moja nilimenya maembe katika chumba kile, mlango katikati, mtoto upande mmoja akidhani baba amemchukia, baba upande mwingine akidhani yeye ndiye aliyemkata mwanawe mguu. Na aliyekuwa akipita kati yao, akiwapelekea salamu za uongo huku na huku, ni mimi.

Mkwe hakufika siku arobaini. Siku ya thelathini na tisa walimwondoa kwa simu, hata chai hakupewa. Alasiri yake Mama Betri aliniita ofisini.

"Kaa," akasema, akanionyesha kiti cha ngozi.

Nikakaa. Kilitoa pumzi ndefu chini yangu, kama mtu aliyechoka kubadilishiwa wakubwa.

"Tumekosea kuleta mtu wa nje ya karakana," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli. "Tunamtaka mtu anayependwa na mafundi. Tunakutaka wewe. Kiongozi wa timu. Bluu na Kijani utawarudisha ukitaka, hilo ni lako."

Nisiseme moyo haukuruka. Uliruka.

"Kuna hii taarifa tu ya ajali, inahitaji saini ya Fundi Mkuu," akaendelea, akanisukumia karatasi. "Ni ukurasa mmoja."

Nikasoma. Chanzo cha ajali: kukatika kwa mkono wa chini uliotengenezwa na kiongozi wa zamani nje ya viwango. Chini kulikuwa na saini moja tayari. Niliijua, herufi zile kubwa za mtu aliyesoma shule kwa kuibia.

"Mzee amesaini?"

"Nilimpelekea pale kwenye benchi lake. Hakusoma hata. Aliniomba kalamu tu."

Nikaomba nikaisome nyumbani. Mama Betri akasema bila shaka, hadi kesho.

Nyumbani nilikula huku nimeikunja karatasi chini ya sahani. Mke wangu alinitazama muda.

"Njano," akaniita, na hapo nikajua. "Wiki ya pili hii unakula kama mtu aliyeiba hicho chakula. Kama umeiba, rudisha. Kama hujaiba, tafuna kwa sauti."

Kesho yake, badala ya kwenda ofisini, nilikwenda hospitali.

Mzee alikuwa pale pale, amenyoa, amejikata kidogo kidevuni. Nikakaa kando yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na mzaha hata mmoja, niliutafuta kama spana namba kumi. Nikatoa bolti, nikaiweka juu ya kofia yake magotini.

Aliitazama. Hakuuliza ni ya wapi, yeye anazijua bolti zake kama wengine wanavyojua wajukuu. Akaichukua, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye hesi, taratibu, kutoka chini hadi juu. Akarudia. Nilikuwa nasikia ule mkwaruzo mdogo.

"Nzima," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Ilitoka yenyewe."

"Ndiyo."

"Ililegezwa siku ile?"

"Niliilegeza hemani. Nikairudisha kwa spana ya kawaida. Nikaitwa."

"Ulifuta?"

"Sikufuta."

Nesi akapita na kigari cha dawa, gurudumu lake moja likilia. Mzee alilifuata kwa macho hadi mwisho wa ukumbi, bila shaka hata pale kichwa chake kilikuwa kinatafuta mafuta ya kulipaka.

"Njano ilisimama mahali pake," akasema polepole, si kama anayeuliza. Alikuwa anaiona. "Ikakudanganya."

"Ndiyo."

"Hiyo hutokea. Ndiyo maana kuna nyeupe." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. "Nani alikukagua?"

Nilitamani anipige. Ana mikono mizito, ningeishukuru.

"Mimi."

"Wewe."

"Nilikuwa na chupa zote mbili, Mzee."

Nikamwambia na yaliyobaki, ya ile karatasi, ya kiti, ya kwamba bolti imekaa mfukoni mwangu siku kumi na moja. Hapo kwenye siku kumi na moja uso wake ulibadilika. Mpaka pale alikuwa ananisikiliza kama fundi. Baada ya pale akawa baba yake Kitinda. Akatazama mlango, akatazama benchi alilokalia siku zote hizo, akanitazama, na nikaona akihesabu kitu ambacho sitaweza kukilipa hata nikiishi mara tatu.

Akaichukua bolti, akaniwekea kiganjani, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja, kama unavyomfanyia mtoto unayemtuma dukani.

"Wapelekee wenye karatasi," akasema.

Kisha akasimama. Magoti yalilia. Akavuta shati likanyooka, akavaa kofia, akaivua tena. Akaugonga mlango wa mwanawe mwenyewe kama mgeni.

"Hodi."

Ndani ikajibu sauti ndogo, ambayo sikuwa nimeisikia toka alipokuwa wa kung'oka meno:

"Baba?"

Akaingia. Mlango ukafungwa, akaufunga yeye mwenyewe, kwa mkono, hadi kitasa kikalia.

Bolti nilikuja kuipeleka kesho yake, pamoja na karatasi isiyo na saini yangu. Nyingine iliandikwa, yenye jina langu pale lilipokuwa la Mzee, na leseni yangu ya ufundi wa mashindano ikachukuliwa, kwa haki. Kiti akapewa mtu kutoka mbali ambaye simjui. Siku hizi natengeneza baiskeli na mikokoteni, na hata huko nafuta. Lakini hayo yalikuwa bado. Siku ile nilibaki kwenye benchi, pale alipokuwa amekaa yeye, mbao bado zina joto.

Kupitia mlango nilisikia mnong'ono wa Mzee, mrefu, bila kupumzika. Kisha Kitinda akasema neno moja kwa sauti.

"Nani?"

Mnong'ono ukajibu. Baada ya hapo sikusikia kitu. Nilingoja anicheke, anitukane, aniite Yai, chochote. Nilitega sikio hadi shingo ikauma.

Kengele ya kumaliza saa za kuona wagonjwa ikalia. Mlinzi akapita na orodha yake ya jamaa wa wagonjwa akiwatoa watu mmoja mmoja. Akafika kwangu.

"Ndugu, muda umekwisha. Wewe ni nani wa mgonjwa?"

Siku zote hizo nilikuwa nimejibu, kaka yake.

"Fundi," nikasema.

"Fundi wa nini?"

"Wa gari lake."

Akashuka na kidole kwenye orodha, hadi mwisho, akarudi juu. Akasema mafundi hawamo.